Transfa Tatu za Lyall

Noske's Gap, Hawker
11 Mei 1997

Wifi yangu Ros,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Natumaini mgongo unaendelea vizuri baada ya upasuaji, na kwamba hao madaktari wa Burnie wameshakuruhusu kukaa kitini. Mimi sijambo. Nakula, nalala, naamka. Mvua hatujaiona.

Najua umekuwa ukipiga simu. Naisikia ikilia. Usikasirike, wifi. Sauti yako na ya kaka yako Lyall ni moja, hata mama yenu alikuwa anawachanganya, na nikiinua simu nikasikia “Corrie” kwa sauti ile sitajua niseme nini. Barua haina sauti, ndiyo maana naandika.

Nina swali la kifundi, na fundi wa Suzuki ninayemjua ni wewe. Lile gari dogo bado limepandishwa juu ya magogo bandani, vilevile kama Lyall alivyoliacha Februari. Asubuhi ile aliitoa transfa, lile sanduku la gia lililo nyuma ya giaboksi, linalogawia nguvu magurudumu ya mbele na ya nyuma. Mchana akaingia kula, akanawa mikono, akakaa, akalaza kichwa mezani. Mengine unayajua.

Sasa sakafuni kuna transfa tatu. Mimi kwa macho yangu naona mawe matatu ya chuma. Sijui ipi ilitoka kwenye gari, ipi ilikuwa inaingia, na ya tatu inafanya nini pale. Tangu mazishi yake naziruka tu nikipita kuchukua chakula cha mbwa.

Ningeziacha, lakini jirani yetu Dudley Warnes alikuja jana kuniambia kwamba kinu cha upepo cha malisho ya juu hakizunguki. Alikiona kwa darubini akiwa upande wake. Kondoo jike wako kule, na maji yao yote yanategemea kinu hicho. Pikapu haipiti kwenye mwanya wa miamba, ni pana mno. Pikipiki niliiuza. Kwa miguu nitafika, lakini siwezi kubeba mabomba na vifaa mgongoni. Ni Suzuki tu.

Nambie ipi ni ipi.

Wifi yako,
Coralie


Burnie, Tasmania
20 Mei

Wifi yangu Corrie,

Nimeipata barua yako nikiwa nimelala chali kama mende aliyepuliziwa dawa. Mgongo uko hapo hapo. Daktari, kijana mdogo sana, ameniambia nisinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai. Nikamwambia, “Mwanangu, mimi nilianza kunyanyua injini wewe hujazaliwa.” Akanijibu, “Ndiyo maana uko hapa, mama.” Wewe unasema hujambo. Haya, nimesikia.

Kuhusu simu nimeelewa. Sitapiga tena.

Tuingie kazini. Usihangaike na rangi wala maandishi, vumbi na oili huwa vimeshayafuta. Fanya hivi. Kwanza tazama kama mojawapo ina kitu cha mviringo nyuma, kama sufuria ndogo iliyofunikwa. Hiyo ni hendibreki ya kizamani, ilikuwa inakaa kwenye transfa yenyewe kabla hawajaihamishia kwenye magurudumu. Transfa yenye sufuria ni ya babu wa gari lako. Isukumie ukutani, ipumzike.

Zitabaki mbili, nazo kwa nje ni mapacha. Hapo ndipo wanaume hugombana baa. Dawa yake ni chaki. Kila transfa ina flenji tatu, yaani zile sahani za chuma zenye matundu ya bolti. Mbili zinatazama mbele, moja nyuma. Ya mbele iliyo juu zaidi ndiyo nguvu inapoingilia. Ya nyuma ndiyo inapotokea. Weka liva kwenye gia za mlima, zile za polepole. Piga chaki kwenye flenji zote mbili, kisha zungusha ya juu kwa mkono mpaka ya nyuma imalize mzunguko mmoja kamili. Ikimaliza wakati wewe umezungusha mara mbili na robo, hiyo ndiyo ya gari lako. Ikikudai mara mbili na nusu na kidogo zaidi, hiyo imetoka kwenye gari la injini ndogo. Inakwenda taratibu zaidi, ina nguvu zaidi mlimani.

Usikisie. Mtu anayekisia transfa huja kwangu analia.

Niandikie ulichopata. Na huyo Dudley ana afya? Bado anavaa ile kofia?

Wifi mtu,
Ros


Noske's Gap
1 Juni

Wifi Ros,

Habari za kitandani? Huku ni baridi, maji ya mbwa yaliganda jana. Mimi niko salama. Dudley ni mzima, na kofia ni ile ile.

Nimefanya ulivyosema. Nilipiga magoti sakafuni na chaki, Dudley amesimama mlangoni na mkate wa nyama alioniletea.

“Shemeji,” ananiuliza, “unafundisha hesabu au unatengeneza gari?”

“Shika hii, izuie isiyumbe.”

“Miaka hamsini naendesha magari, sijaona mtu akiyachora chaki.”

“Na miaka hamsini unayasukuma.”

Akaishika.

Yenye sufuria ipo, tumeisukuma ukutani. Ya pili, ile iliyokuwa chini kabisa ya gari, imejaa matope na grisi: mara mbili na robo. Kwa hiyo ndiyo aliyoitoa. Ya tatu ilikuwa imefungwa kwenye gunia la ngano na kamba. Ni safi, oili sili zake, zile raba za kuzuia oili, ni mpya, hata bolti zake zimepakwa mafuta. Niliizungusha mara mbili na nusu, ikataka kidogo tena ndipo chaki zikakutana. Nilirudia, na Dudley akarudia. Ni hivyo hivyo.

Ninachotaka kujua ni kwa nini aliitoa ya kwanza. Haikuwa imeharibika. Gari lilikuwa linapanda na kushuka. Dudley anasema nirudishe ya zamani tu, maana inajulikana, au bora zaidi nisirudishe chochote, niwapige mnada kondoo walioko chini na nihamie Adelaide nikakae karibu na hospitali. Anasema hivyo kila akija, kisha anakata kuni zangu.

Lyall hakuniambia chochote kuhusu hiyo ya gunia. Wewe unaijua?

Niko sawa, usiwe na wasiwasi. Watu wananiuliza kama nalia. Silii. Wala sijizuii, hakuna tu cha kulia, ni kama mkono uliolaliwa usiku kucha.

Wifi yako,
Coralie


Burnie
10 Juni

Wifi yangu,

Natumaini hii inakukuta ukiwa na kuni za kutosha. Mimi sasa nakaa kitini kwa kipindi kizima cha redio, maendeleo makubwa.

Ya gunia naijua. Niliifunga mimi. Oili sili niliweka kwa mikono yangu, ilikuwa kazi yangu ya mwisho kabla mgongo haujakatika. Niliituma kwa lori mwezi wa kwanza.

Ninakwambia kwa sababu umeuliza, na sioni haki ya kukuficha. Lyall alinipigia simu baada ya Krismasi. Alisema siku ile mliyopanda pamoja kwenda juu, ulishuka garini kwenye mwanya ukasema afadhali utembee. Yeye akapanda peke yake huku akikucheka kupitia dirishani, na ulipofika juu akaendelea kukutania. Lakini kwenye simu hakuwa anatania. Alisema, “Ros, Corrie anaogopa ule mlima kwa sababu gari linakimbia. Ukiwa na gia ndefu, za kasi, lazima ukanyage mafuta uwahi kabla halijazima, na yeye hataki kukimbia kwenye mawe. Nataka gari linalotembea kama ng'ombe. Aondoe miguu, lipande lenyewe.” Nikamwambia barabarani litapiga kelele na halitakwenda kasi. Akasema, “Barabarani tuna pikapu.”

Ndiyo maana aliitoa ile isiyo mbovu. Alikuwa anakutengenezea wewe.

Sasa kazi. Flenji za transfa ya injini ndogo zina matundu ya bolti nyembamba, hazitakubaliana na propela za gari lako, zile fimbo zinazopeleka nguvu magurudumuni. Fungua zile nati kubwa za katikati, toa flenji za transfa yenye matope uziweke kwenye ya gunia. Meno ya ndani yanalingana, nilijaribu kabla ya kuituma. Kisha inakaa kwenye raba tatu. Usilale chini yake peke yako. Mwite Dudley, kofia na yote. Kaza, jaza oili mpaka imwagike kwenye tundu la pembeni, rudisha waya wa spidi na waya wa taa, basi.

Niandikie.

Wifi mtu,
Ros


Burnie
3 Julai

Wifi Corrie,

Hujambo? Labda barua imepotea njiani. Posta ya huko naijua. Mgongo unaendelea, nimetembea hadi dukani na fimbo, mbwa wa jirani akanibwekea kama mwizi.

Zile flenji zimetoka? Zikigoma, zipashe moto kidogo.

Wifi mtu,
Ros


Burnie
27 Julai

Corrie,

Sijui kama nilikosea kukwambia yale. Nilidhani ungetaka kuyajua.

Hata neno moja linatosha. Hata la kunitukana.

Ros


Noske's Gap
10 Agosti

Wifi yangu Ros,

Salamu. Niwie radhi kwa kimya. Hukukosea. Barua zako zote zimefika.

Niliposoma ile ya mwezi wa sita nilikwenda kufunga mlango wa banda, nikarudi ndani, nikakaa. Sikufikiria kitu. Nilikuwa namlisha mbwa, nakoka moto, nakaa. Nilijua kondoo wako juu. Nilijua kama mtu anavyojua kwamba kuna nchi inaitwa Norwei. Mabirika ya kunyweshea kondoo kule huwa na akiba na majani yalikuwa na umande, nikajiambia wanajitosheleza. Siku zikapita hivyo.

Mwisho wa Julai Dudley alikuja bila mkate. Hakuingia ndani.

“Shemeji, kuna kunguru juu ya malisho yako. Wengi. Na tai.”

Nikaongeza kuni motoni.

“Umenisikia?”

“Nimekusikia.”

“Basi vaa buti. Mimi siwezi kuangalia tena kwa darubini. Nina moyo mbovu, wewe unataka kunizika na mimi?”

Aliposema hivyo tulitazamana. Akaanza kuomba msamaha. Nikavaa buti.

Kazi ilituchukua siku hiyo yote na asubuhi iliyofuata. Flenji zilitoka bila moto, isipokuwa ya juu ambayo Dudley aliipiga nyundo na matusi. Tuliipandisha transfa kwa jeki, mimi nimelala chini nikiilengesha, yeye ameshika liva ya jeki. Ikateleza. Haikuanguka kutoka juu, ilikuja polepole ikanilalia kifuani.

“Umekufa?” akauliza.

“Bado.”

“Basi usijitingishe. Na nyinyi wanawake wa Noske mbona mnapenda kukumbatia vyuma?”

Nilicheka, Ros. Nilisikia kicheko kikitoka nikajiuliza ni cha nani. Akaiondoa, tukaanza upya, na safari hiyo ikakaa kwenye raba zake. Oili ilimwagika kwenye tundu la pembeni kama ulivyosema.

Nikaendesha mimi. Dudley alitaka, nikakataa. Kwenye mwanya nikaweka gia za mlima, gia ya kwanza, nikaondoa miguu yote miwili. Gari likatambaa. Lilikuwa linaweka gurudumu juu ya jiwe, linafikiri, linashuka upande wa pili. Dudley amekamata dashibodi kwa mikono yote miwili. Tulifika juu na sikuwa nimekanyaga chochote. Nikatazama miguu yangu pale chini. Nilitegemea nitahisi kitu. Sikuhisi.

Kondoo. Walikufa wengi. Walikuwa wamelala kuzunguka birika, wengine wameingiza vichwa ndani yake. Sikuwahesabu na usiniulize. Wengine walikuwa hai lakini hawawezi kusimama, na macho yao kunguru walikuwa wameshayafikia. Dudley alisema atafanya yeye. Nikamwambia ni kondoo wangu. Nilichukua bunduki ya Lyall nikafanya mpaka risasi zikaisha, kisha akanipa zake. Dudley alikuwa ananitazama mimi kuliko alivyokuwa anawatazama wao.

Chuma cha pampu kilikuwa kimechomoka kwenye pini, pini ndogo isiyozidi kidole. Tulikirudisha. Upepo ulipokuja, kinu kikazunguka, bomba likaanza kutapika maji, mekundu kwanza, kisha safi. Waliobaki walikuwa wametoboa uzio wakaingia upande wa bonde ambako kuna kivuli. Waliposikia maji walikuja mbio. Sitini hivi, labda zaidi. Walikunywa huku wamesimama katikati ya wenzao.

Ningepanda mwezi wa sita, wangekuwa hai karibu wote. Hilo nalijua pia, kama Norwei.

Transfa yako ni nzuri.

Wifi yako,
Coralie


Burnie
19 Agosti

Wifi yangu mpenzi,

Nimekaa na karatasi hii tangu chai ya asubuhi na utani wote umenikimbia.

Wakati mnamzika mimi nilikuwa kwenye dawa za usingizi. Nilipozinduka walinipa ujumbe wako, nikausoma, nikaomba juisi. Mpaka leo bado niko kwenye ile juisi. Nilikuwa nasema hivi: nikimaliza transfa ya Corrie, nikijua inafanya kazi, nitakaa chini nimlilie kaka yangu vizuri. Sasa inafanya kazi. Nimekaa chini. Hakuna kitu.

Daktari ameniruhusu kusafiri mradi nisibebe mzigo. Nitapanda meli mpaka Melbourne, kisha mabasi. Nataka kuona kaburi. Lakini ni nyumba yako, na sauti yangu ndiyo hii niliyonayo, siwezi kuibadilisha. Ukisema nisije sitakuwa na kinyongo.

Ros


Noske's Gap
30 Agosti

Wifi yangu Ros,

Njoo.

Nimepona, au sijapona, sijui niite nini. Sikiliza kilichotokea.

Alhamisi nilipanda juu peke yangu kuangalia maji. Kila kitu kilikuwa sawa. Nikashuka taratibu, mguu haujagusa breki, nikafika nyumbani mchana. Mlango wa banda ulikuwa wazi na Dudley yuko ndani ameshika ufagio.

Alikuwa amesafisha. Ros, alikuwa amesafisha kila kitu. Spana zimepangwa ukutani kwa ukubwa. Makopo ya nati yameoshwa. Pale sakafuni Lyall alipokuwa analala kufanya kazi palikuwa na doa, oili ya miaka yote, lina umbo la mabega yake na kichwa. Dudley alilimwagia mafuta ya taa, akalisugua kwa brashi ya chuma, akamwaga maji. Sakafu ilikuwa nyeupe kama ya mochwari.

“Nimekutengenezea,” anasema, na anatabasamu, maskini. “Sasa utapita bila kuruka vitu.”

Nilimfokea. Sijawahi kumfokea mtu hivyo maishani. Nilimwita mpumbavu, mzee mwehu, asiye na mke wala mtoto, nani alimtuma. Nilimtupia ufagio wake. Nilimwambia arudishe. “Rudisha!” napiga kelele, “lirudishe lile doa!” Na yeye amesimama ameishika kofia yake mikononi, kichwa ni cheupe kabisa huko juu, sikuwahi kukiona.

“Nirudishe vipi, shemeji?” akaniuliza. “Nambie. Nitarudisha.”

Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anauliza kweli. Angejilaza pale akajimwagia oili kama ningemwambia.

Nikakaa kwenye ile sakafu iliyolowa. Yeye naye akashuka akakaa, magoti yakalia kama bawaba. Nililia mpaka nikatapika. Nilimlilia Lyall, nikawalilia wale kondoo, mmoja mmoja, na wale niliowapiga risasi. Dudley alilia pia. Alikuwa anasema, “Alikuwa rafiki yangu, unajua. Mimi sikuwa na mwingine.” Sikujua. Miezi yote hii anakata kuni zangu, sikujua kwamba na yeye amefiwa.

Nimemwomba radhi. Amesema ameitwa mabaya zaidi na watu wasio na sababu.

Kondoo waliobaki siwauzi kwa sasa. Baadaye sijui. Basi la kutoka Adelaide linakuacha Hawker Jumatano alasiri, nitakuwa pale na pikapu. Tutakwenda kaburini kwanza, kabla ya chai, maana tukinywa chai hatutainuka. Usilete chochote. Ukishuka, usininyamazie kwa ajili ya sauti yako. Niite jina langu kwa nguvu, kama alivyokuwa anafanya yeye.

Sasa ninaumwa kila mahali, wifi. Kifua, koo, viganja. Hata kushika kalamu kunauma. Njoo kabla maumivu haya hayajapoa.

Wifi yako,
Corrie